Gesti ya Jambiani: ununue programu au ulipie kwa mwezi?

Dada uliyeuliza kuhusu gesti yako ya Jambiani, Unguja, kama ununue seva (kompyuta kuu ya kuwekea kazi zote) na programu zako mwenyewe au ulipie huduma kila mwezi: mie nasimamia kompyuta na hesabu za hoteli za pwani ya mashariki, na kwa biashara yetu hii ya msimu nakwambia lipia. Seva ya kukaa nayo inataka kiyoyozi, betri za akiba na fundi wa karibu, na chumvi ya pwani inakula vyuma hata ukifunga milango.

Lakini kulipia kuna namna mbili, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Chukua Microsoft 365, yaani barua pepe, Word na Excel za kulipia, akaunti moja kwa kila mtu. Unaweza kujifunga mwaka mzima ukalipa zote mwanzoni, au ukachukua ya mwezi kwa mwezi, ambayo bei yake imezidi kwa asilimia 20. Wauzaji watakusukuma kwenye ya mwaka kwa kuwa inaonekana rahisi. Ukishajifunga, zikipita siku 7 za mwanzo huwezi kupunguza akaunti mpaka mwaka uishe. Masika inaingia, wageni wamekatika, vijana wa msimu umeshaagana nao, na akaunti zao umeshazilipia mwaka mzima.

Piga hesabu: kwa ongezeko hilo, miezi 10 ya mwezi kwa mwezi ni sawasawa na mkataba wa miezi 12. Basi meneja na mhasibu, ambao unao mwaka mzima, wawekee ya mwaka. Kijana wa mapokezi anayeingia Juni na kuondoka Oktoba, muwekee ya mwezi.

Tena si kila anwani ya barua pepe inataka kulipiwa. Ile ya kupokea bukingi ifanye sanduku la pamoja, yaani sanduku moja la barua linalofunguliwa na watu kadhaa. Hadi gigabaiti 50 halina malipo yake, mradi kila anayelifungua awe na akaunti iliyolipiwa. Mtu akiacha kazi, kwanza geuza sanduku lake liwe la pamoja, ndiyo uondoe malipo. Ukiifuta akaunti hivi hivi, baada ya siku 30 barua zote za wageni zimekwenda.

Ruta, nyaya na modemu ya akiba nunua vyako.

Na hili nakusihi khasa: jina la tovuti na akaunti ya msimamizi mkuu, ile inayotawala akaunti nyengine zote, viandikishwe kwa jina la gesti yako, si la anayekuuzia huduma. Hoteli moja niliyoifanyia kazi iliandikishiwa vyote kwa jina la muuzaji. Walipotaka kuhamia kwa mwengine, hawakuwa na ruhusa hata ya barua zao wenyewe, na wageni wa Disemba wameshaanza kuandika. Liingize kwenye mkataba kabla hujatoa shilingi, na nywila ya msimamizi ikae kwako na kwa mtu mmoja mwengine unayemuamini.