Godoro la shilingi 75,000

Nauza vifaa vya umeme Kariakoo, na haipiti siku sijamwambia mteja aachane na ekstensheni ya bei ya kutupa. Nampa ya bei ya chini mkono huu na nzuri mkono ule, aone tofauti ya uzito. Waya mwembamba ukichomekewa pasi unapata moto, plastiki inalainika, na siku moja nyumba nzima inanuka kuungua. Wengi wananielewa. Halafu mwenye somo nafunga duka, napanda mwendokasi hadi Kimara, najitupa kwenye godoro nililolichagua kwa sababu moja tu: dukani hapakuwa na la bei ya chini zaidi.

Lilikuwa 4 kwa 6, inchi 6, shilingi 75,000. Mwezi wa nne tangu nilinunue likafanya bonde katikati. Nikaligeuza, likafanya bonde upande wa pili. Nikanunua jingine kwa 80,000, duka tofauti, nikidhani kosa lilikuwa la duka. La tatu 95,000. Miaka mitatu, magodoro matatu, shilingi 250,000, na mgongo wa kubembeleza kila asubuhi ndipo niweze kuinama nifunge kamba za viatu.

Bibi yangu alikuwa akisema rahisi ghali. Nilikuwa naona hayo ni maneno ya mtu ambaye hiyo ghali anayo mfukoni.

Siku ya kulitoa lile la tatu nililipitisha kwa jirani anayeuza mahindi, nikalipandisha kwenye mizani yake. Alicheka, lakini alinipimia. Kilo nne na nusu! Sponji ubora wake hupimwa kwa kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo. Godoro la 4 kwa 6 lenye inchi 6 ni kama theluthi ya mita hiyo, kwa hiyo langu lilikuwa na kilo 13 hivi kwa mita. Nilikuwa nimenunua hewa, nikauziwa na kava la maua. Ninalolalia sasa lina vipimo vilevile na linapita kilo nane na nusu.

Kwa hiyo ukienda dukani, linyanyue. Likiinuka kama mto, liache. Ila uzito peke yake usikudanganye: yapo magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, nayo ni mazito. Omba zipu ifunguliwe utazame ndani. Kisha weka goti katikati uegemee. Goti likigusa sakafu, usiku nyonga yako itagusa chaga. Na lala hapohapo dakika kumi, ubavu wako wa kawaida. Muuzaji atakutazama, mwache atazame.

La sasa nilinunua 260,000, na nimelilalia miaka sita. Gawa mwenyewe: ni shilingi 119 kwa usiku. Yale matatu yalikuwa yananila shilingi 228 kila usiku, na maumivu juu yake.

Najua utaniuliza hiyo laki mbili na sitini ilitoka wapi kwa mkupuo. Haikutoka kwa mkupuo. Nilidunduliza dukani kwa miezi mitano, naandikiwa kwenye daftari la muuzaji na langu, kila malipo anasaini yote mawili. Muda huo wote niliendelea kulala bondeni. Ungenishauri nikope kausha damu nilale vizuri mapema, ningekujibu kwamba mwenye deni la namna hiyo halali hata kwenye godoro la hoteli.

Viatu vilinifundisha somo jingine, maana mimi nasimama dukani kutwa: kizuri si lazima kiwe kipya. Viatu vipya vya 15,000 vyenye soli ngumu ya plastiki vilinichubua na kupasuka kabla ya masika kwisha. Vya mtumba nilivyopata Karume kwa 35,000, soli imeshonwa, vimepelekwa kwa fundi mara mbili na bado navaa. Mtumba nao una mtego wake. Soli ya sponji ikikaa miaka mingi bila kuvaliwa huoza kimyakimya, unatembea siku mbili inamung'unyuka kama mkate mkavu. Ibonyeze kwa ukucha. Ukiacha shimo au ikatoa unga, rudisha.

Vingine vyote sivisumbukii. Ndoo, vikombe, kava la simu, fulana ya kulalia, nachukua cha bei ya chini na sioni haya. Pesa nzito naitoa kwa kile ambacho mwili wangu unakaa nacho saa nyingi, au kinachoweza kuunguza nyumba. Safari ya Mbeya pia siku hizi napanda basi lenye viti viwili viwili. Siti za watatu zimeshanitosha.

Kibubu kilichopo sasa ni cha godoro la mama, Korogwe. Ameniambia nisihangaike, la kwake bado zima. Desemba nililala juu yake usiku mmoja, na asubuhi ningeweza kukutajia idadi ya chaga bila kufunua shuka.