Kutoka Kisumu kuja Molo na maua yako: jibu kwa mwalimu aliyepata uhamisho

Mwalimu, umeuliza kama ubebe maua yako ya Kisumu sasa kwa kuwa umehamishiwa Molo, huku juu Nakuru, na kama bogenvilia itaishi huku. Wengine wamekwambia baridi itaua kila kitu, wengine wamekutumia video za bustani za Uingereza. Mimi nilihama kutoka Mamboleo, kule kule Kisumu, kuja huku huku Molo, na maua nayapenda sana, kwa hivyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Hizo video weka kando. Baridi yetu si ya Uingereza. Tuko karibu na ikweta, mchana una takriban saa 12 mwaka mzima, na jua la saa sita huku linachoma. Kilichobadilika ni mwinuko. Kisumu mko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Molo ni karibu mita 2,500, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Pengo lenyewe utalihisi usiku. Ndiyo maana tulipu zinazosifiwa kwenye hizo video hazitakufaa: zinataka baridi ya wiki nyingi mfululizo ndipo zitoe maua, na huku ikifika saa nne asubuhi baridi imeshakwisha. Dalia nazo, Waingereza wengi huzing'oa viazi vyake na kuviweka ndani msimu wa baridi. Wewe viache ardhini. Majani yakiungua na kuwa meusi, kata, vitachipua tena.

Adui wako halisi ni jalidi, ule umande unaoganda ukaonekana mweupe juu ya nyasi alfajiri. Huja zaidi kati ya Desemba na Februari, wakati wa kiangazi, na hilo huwashangaza watu wa ziwani ambao wanangoja baridi ya Julai. Julai huku kuna baridi ya mawingu, unavaa sweta mchana kutwa, lakini mawingu hayo hayo huzuia joto la ardhi lisipotee. Mwezi wa kwanza anga huwa wazi na joto lote hupanda juu usiku. Jioni ukiona nyota zimejaa na hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mhindi, ujue kuna kazi.

Sasa hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: kabla hujachimba hata shimo moja, ujue baridi inapita wapi katika boma lako. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni kama maji, na ikikuta ua wa kayaba uliosongamana hukwama hapo na kutuama. Shosho jirani yangu ndiye aliyenifundisha kutoka nje kabla jua halijachomoza na kuzunguka boma lote. Kwangu nyasi za chini karibu na ua zilikuwa nyeupe kabisa, za katikati zina madoadoa, na zile zilizo chini ya paa, ukutani, zilikuwa na umande wa kawaida tu. Boma ni lile lile, na kutoka ukutani hadi uani si mbali. Tangu hapo kila ua nalipanda kwa kufuata ramani hiyo.

Ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri ndio mahali pa bogenvilia yako. Ukuta hukusanya joto na kulitoa usiku. Upande wa mashariki uuepuke kwa mimea dhaifu, kwa sababu jani lililoganda likipigwa ghafla na jua la asubuhi huumia zaidi. Na usitarajie ile fujo ya rangi ya Kisumu. Itaishi, itachanua kiasi, itakua polepole. Mche mchanga uukuze kwanza kwenye chungu barazani hadi shina liwe gumu. Hibiskasi za kwenu mimi ningemwachia mtu anayebaki Kisumu.

Mazoea mawili ya ziwani yanabadilika. Kule tunamwagilia jioni ili maji yasikaushwe na jua. Huku mwagilia asubuhi, kwenye shina, maana majani yakilala na maji usiku wa baridi ugonjwa wa ukungu hauchelewi, hasa kwenye waridi. La pili ni matandazo. Kisumu unarundika nyasi kavu ili udongo usikauke. Huku usiku wa jalidi nyasi hizo huzuia joto la udongo lisifike kwenye mmea, kwa hivyo zisogeze kando jioni. Udongo wenye unyevu hutunza joto vizuri kuliko ulio mkavu, basi siku kama hiyo lowesha ardhi mapema, halafu funika miche kwa gunia lililoinuliwa kwa vijiti. Karatasi ya plastiki ikigusa jani, jani huungua. Asubuhi funua.

Na kuna furaha ambazo Kisumu huzipati, Mwalimu! Waridi huchukua muda mrefu zaidi kufunguka lakini kichwa kinakuwa kikubwa. Mashamba ya maua ya Timau, karibu na Mlima Kenya, yaliyo juu kuliko ya Naivasha, yanajulikana kwa hilo. Jerania, agapanthasi na kala lili hazikusumbui. Haidrenjia ndizo zinazonifurahisha zaidi. Udongo wenye asidi huzipa rangi ya buluu, na sehemu nyingi za huku udongo ni wa namna hiyo. Yangu moja iko karibu na pale tunapomwaga majivu ya jikoni, na maua yake yamekuwa ya rangi ya waridi upande huo huo wa majivu, upande wa pili buluu. Kichaka kimoja!

Uhamisho wa walimu mara nyingi huangukia Januari, kwa hivyo utafika jalidi ikiwa kazini. Acha vyungu barazani, tembea boma alfajiri, tia alama kwa vijiti pale panapogeuka peupe, na usipande ardhini mpaka mvua za Machi zishike. Jerania usinunue, nitakukatia vipandikizi vyangu.