Weka hizo kapsuli chini, pima mimba kwanza

Acha! Usimeze kitu. Umechelewa siku 8, uchafu mweupe mzito unatoka na kuwasha, farmasi wamekuambia umeze antibiotiki na mwezi (hedhi) utashuka wenyewe. Mdogo wangu, tangu lini fangasi ikazuia mwezi? Aliyekuambia hivyo anauza dawa.

Mimi ilinikuta hapa hapa Bukavu, Kadutu. Siku 9 nimechelewa, uchafu wa manjano. Mama wa farmasi, koti jeupe, sauti ya daktari, hakuniuliza hata swali moja. "Kizazi kimechafuka, tukisafishe." Kapsuli za rangi mbili, sindano za siku 5, na mimi nikahesabu pesa huku nikisema asante mama! Nyumbani nikaongeza ujinga wangu mwenyewe, nikajisafisha ndani kwa maji ya chumvi na limau. Limau ni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mimi nikajikamulia kama niko sahanini. Cheka tu, mimi nililia.

Siku ya 6 nikaona damu kidogo ya kahawia. Nikashangilia, nikamwambia dada yangu mwezi umeshuka. Mwezi gani! Tumbo likashika upande wa kulia, nikasema kumbe dawa inafanya kazi. Usiku wa tatu bega likauma (bega, nani angefikiri bega?), kizunguzungu, nikaanguka mlangoni pa choo. Walinipakia kwenye moto (pikipiki), shemeji nyuma ananishikilia nisidondoke. Mimba ilikuwa imekaa kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, na mrija umekwisha kupasuka. Wakaukata. Deni la dola tulilipa mpaka mwaka uliofuata. Daktari alisema ule uchafu wa manjano huenda ni klamidia, ugonjwa wa zinaa, ya siku nyingi, ndiyo inaacha makovu mirijani, mimba inakwama njiani.

Kile kipimo cha mkojo cha mistari 2, kinachouzwa pale pale kwa yule mama, pesa yake haifiki nauli ya moto! Hakisemi mimba iko wapi, lakini kingenipeleka kwenye ekografia (picha ya tumbo kwa mashine) mapema. Hakukitaja. Nikipita bado ananiita "mteja wangu".

Uchafu wako mweupe wa kuwasha unafanana na fangasi, na mimba yenyewe huleta fangasi. Antibiotiki zinaweza kuizidisha, na nyingine, kama doksisiklini, mjamzito hapewi. Unaonuka samaki au wa kijani wenye povu ni ugonjwa mwingine, waachie labo wauone.

Kesho asubuhi, mkojo wa kwanza, pima. Ukiona mstari mmoja na mwezi bado, rudia baada ya wiki. Ukiona 2, ekografia. Tumbo likishika upande mmoja au ukiona giza machoni, usingoje kuche, hospitali usiku huo huo. Halafu rudi hapa uniambie ni mistari mingapi.