Mgonjwa wa saratani ya titi kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya

SWALI (Ujiji, Kigoma): Assalaamu alaykum sheikh. Nimefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, natumia tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi. Hospitali niliyopelekwa Mwanza wananiomba niingie kwenye utafiti wa dawa ya kuzuia saratani isisambae. Wengine tutapewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, bila kujua nani kapata nini. Majirani wanasema ni kushindana na qadar, yaani alichokadiria Allah. Mume wangu anataka nikubali kwa ajili ya posho. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, Allah akupe shifaa. Inajuzu, na si kushindana na qadar. Mtume (s.a.w.) aliamrisha tujitibu, akabainisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Saratani hii huua zaidi ikishatoka titini ikafika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, hivyo kutafuta cha kuizuia ni katika kuhifadhi nafsi.

Uzito uko kwenye ridhaa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Jeddah, 1992, lilisharutisha ridhaa ya mtu timamu asiyelazimishwa wala kurubuniwa kwa mali, likatoa mfano wa maskini, na utafiti usilete madhara. Basi usikubali kwa sababu ya posho. Kurudishiwa nauli hakuna ubaya. Mume ashauri, lakini saini ni yako.

Kabla ya kusaini uliza: nitaendelea na tamoksifeni? Kama dawa mpya, au kidonge kitupu, inaongezwa juu ya tiba yako, sawa. Ukiambiwa uache tiba iliyothibiti ubaki na kidonge kitupu, kataa: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Qur'ani 2:195). Uliza kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na nani atakutibu ukidhurika. Uliza pia utafiti uko awamu ya ngapi: ya kwanza hupima usalama na kiasi cha dozi kwa watu wachache, usiingie humo ukidhani umeahidiwa kupona. Chukua nakala ya fomu ya Kiswahili. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Ukinywa mitishamba, sema. Baadhi hugongana na dawa, na kuficha huharibu matokeo watakayoyategemea wagonjwa wengine. Hiyo ni khiyana.

Ramadhani, tamoksifeni ya mara moja kwa siku imeze usiku, saa ileile. Dawa ya utafiti ikilazimu kumezwa mchana, kula, kisha ulipe baadaye (2:185). Daktari akisema hutaweza kufunga tena, lisha maskini mmoja kwa kila siku.

Wallahu a'lam.