Eti Omega ya Co-Axial haihitaji mafuta? Jibu kwa anayetaka kununua iliyotumika

Mkuu, umesema muuzaji kakuambia Co-Axial haipakwi mafuta kwa hiyo haina sevisi, na unauliza mbona kampuni nyingine hazijaiga. Mimi ni fundi saa, hizo zimepita mezani kwangu. Kakuambia nusu ya ukweli.

Habari yote ni eskepimenti, kile kifaa kinachozuia magurudumu na kuyaachia jino moja moja. Mlio wa tiki-tiki unatoka hapo. Saa nyingi za Uswisi hadi leo zinatumia nanga, mfumo aliouanzisha Mwingereza Thomas Mudge karne ya 18. Jino linajiburuza juu ya kijiwe cha rubi kilichobandikwa kwenye nanga huku likikisukuma, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Bila mafuta haliendi. Fungua saa iliyokaa miaka bila sevisi, weka lupu (kioo cha kukuza) jichoni: mafuta yameganda utando wa kahawia pembeni mwa jiwe, na pale jino linapopita ni pakavu kabisa. Balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kuhesabu muda, inachoka, saa inaanza kuchelewa.

George Daniels wa kisiwa cha Man alilishughulikia hilo miaka ya 1970. Aliweka magurudumu mawili kwenye ekseli moja, ndiyo hiyo Co-Axial, jino likawa linatoa msukumo mfupi bila kuburuza sana. Waswisi walimzungusha weee, mpaka Omega ilipoitoa 1999. Mashine ya kwanza ya ndani, iitwayo 2500, ilianza na mapigo 28,800 kwa saa moja, baadaye wakaishusha hadi 25,200. Ukipata hiyo ya baadaye, chukua hiyo. Ila mafuta bado yanahitajika: ncha za magurudumu na springi kuu (inayotunza nguvu ya saa) vinayataka kama saa yoyote.

Kuhusu kuiga, wengine wamepita njia zao. Breguet, fundi saa wa zamani, alijaribu magurudumu mawili yanayosukuma balansi moja kwa moja tangu karne ya 18, lakini vyuma vya wakati wake vilikuwa vizito na havikuchongeka kwa usahihi wa kutosha. Silikoni, nyepesi na inayochongeka kwa usahihi, ndiyo iliyolifufua wazo hilo: Ulysse Nardin Freak ya 2001, na juzi tu, 2025, Rolex Land-Dweller. Zenith 2017 walitoa Defy Lab, saa kumi tu, balansi na nanga zikiwa kipande kimoja cha silikoni chenye unene wa nusu milimita. Ninayoihusudu mimi ni Girard-Perregaux ya 2013: ukanda wa silikoni wa maikroni 14 unapinda, unafyatuka, na kila fyatuko lina nguvu ileile hata springi kuu ikikaribia kuisha. Wazo lilimjia mbunifu wake, Nicolas Déhon, akichezea tiketi ya treni vidoleni!

Sasa ubaya wa silikoni. Ikizidishwa haibaki imepinda ukainyoosha, inavunjika. Nanga ya kawaida naweza kuiokota kwenye saa mbovu. Hizi ni kusubiri kiwanda, na kiwanda mara nyingi hakimuuzii fundi wa nje.

Kabla hujalipa, omba saa iwekwe kwenye mashine ya kupimia mapigo, na hakikisha pembe ya kunyanyua (kiasi balansi inachozunguka wakati eskepimenti inapoigusa) imewekwa nyuzi 38. Fundi akiiacha kwenye 52 ya saa za kawaida, balansi iliyochoka itasomeka nzima.