"Kwa nini" ya tano

Swali: Mhandisi, pampu yetu imeua beringi ya mota mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Meneja ametuambia tuulize "kwa nini" mara tano mpaka tukifikie chanzo chenyewe. Tukaandika: beringi imekufa kwa kukosa grisi; haikutiwa grisi kwa sababu fundi alisahau; alisahau kwa sababu hana ratiba; hana ratiba kwa sababu ofisi haijali matengenezo. La tano likatushinda. Mmoja wetu akasema "ndivyo binadamu walivyo", kikao kikaishia kwenye kicheko. Tulikosea wapi? Na hiyo sababu ya mwisho kabisa, ipo kweli?

Jibu: Ndugu yangu, kikao chenu kilikuwa kimeharibika zamani kabla ya kicheko, pale kwenye jibu la kwanza. Mnasema beringi ilikosa grisi. Nani aliiona kavu? Katika maelezo yako yote sijakuta mtu aliyeikata akaitazama ndani. Mlikuwa na dhana moja, mkaijengea ghorofa tatu.

Beringi iliyokufa huwa na alama zake. Ikikosa grisi, chuma huungua kikageuka kahawia au bluu. Grisi ikizidi nayo huleta joto, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye. Shafti ya mota na ya pampu zisipokaa kwenye mstari mmoja, utaona njia ya gololi imelika kimshazari. Niliwahi kuitwa kwenye mota iliyokuwa ikila beringi kama yenu. Karatasi ya uchunguzi ilikuwa na "kwa nini" zake tano, safi kabisa, na fundi wa grisi alikwishapewa onyo. Tukaikata kwa grainda, tukaifuta kwa kitambaa. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na mistari iliyopangana sawasawa, kama migongo ya bati. Hiyo ni alama ya umeme. Mota ilikuwa imefungiwa kifaa cha umeme cha kubadili kasi ya mwendo wake, na mkondo ulikuwa unapita kwenye shafti, unaruka kwenye gololi, ukitafuta njia ya kwenda ardhini. Pipa zima la grisi lisingesaidia kitu.

Sasa hiyo tano. Mbinu hii ilitokea Toyota, na mfano mashuhuri ni wa Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni hiyo. Mashine imesimama kwa sababu fyuzi imekatika kwa kuzidiwa mzigo. Mzigo umezidi kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha. Pampu ya mafuta haikuvuta vizuri. Shafti yake imelika. Imelika kwa sababu hakuna chujio, vipande vya chuma vimeingia. Akafika hapo, akasema wekeni chujio. Angeweza kuendelea: kwa nini aliyeichora mashine hakuweka chujio? Kwa nini hakuna aliyemkosoa? Maswali yalikuwapo bado. Alisimama kwa sababu chujio ni kitu unachoweza kukifunga kesho asubuhi. Hakuna uchawi kwenye namba tano. Mara nyingine mbili zinatosha.

Neno letu "sababu" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako zamani lilikuwa na maana ya kamba. Nalipenda kwa hilo, maana kamba ina nyuzi nyingi. Chukua chombo cha anga cha Challenger, kilichosambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, tarehe 28 Januari 1986, na watu 7 ndani yake. Mpira wa kuziba maungio ya roketi haukuziba. Kulikuwa na baridi kali. Maungio yenyewe yalikuwa na kasoro iliyojulikana. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walishauri kisirushwe, wakubwa wakaamua vingine. Ipi ndiyo sababu? Mchoraji atashika maungio, na kweli yalichorwa upya kabla safari hazijaanza tena 1988. Anayesimamia maamuzi atashika mazungumzo ya usiku ule. Wote wawili wana haki, na orodha yenu ya mstari mmoja isingewapa nafasi wote.

Kuhusu sababu ya mwisho, wanafalsafa wa Kigiriki wenye tabia ya kutilia shaka kila kitu walishaona kwamba mnyororo wa "kwa nini" una njia tatu tu: uende bila kikomo, ujirudie wenyewe, au usimame mahali ambapo hapajathibitishwa. Newton alichagua kusimama. Mwaka 1713 aliandika kwamba hajaweza kupata sababu ya nguvu ya uvutano, na kwamba habuni dhana za kuijazia nafasi hiyo. Hesabu zake za Mwezi na za maji kupwa na kujaa hazikudhurika. Einstein alisogeza swali mbele mwaka 1915: maada hupinda nafasi na wakati. Vizuri, na kwa nini hupinda? Swali limehama nyumba tu.

Kwa hiyo "ndivyo binadamu walivyo" si uongo. Kasoro yake ni kwamba inafaa kila mahali: bomba likipasuka, hesabu ikikosewa, meli ikipanda mwamba. Jibu linaloeleza kila ajali kwa kiasi kilekile halijaieleza ya kwenu. "Ofisi haijali" nayo hamna namna ya kuipima, na ni lawama zaidi kuliko sababu. Mimi husimama nikifika kwenye kitu ninachoweza kukishika au kukipima, na ambacho nikikiondoa natarajia tatizo lisirudi. Lisiporudi, nimepata. Likirudi, narudi kwenye chuma, sirudi kwenye karatasi.

Kama beringi ya tatu haijatupwa, ikate leo, na angalia kama hiyo mota ina kifaa cha kubadili mwendo. Ukikuta mistari ile ya bati, ulizia beringi zenye kuzuia umeme, funga brashi ya kuipeleka shafti ardhini, na mwite fundi umeme akague waya wa ardhi. Na fundi wa grisi, kama alishaandikiwa barua, ifuteni.