Nendeni Dukani na Bodi Yenu: Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Timu ya Roboti

Kwa ninyi mnaopokea timu ya roboti ya shule mwaka huu na mmekabidhiwa fedha za kompyuta mpakato moja, nawaomba mwende soko la Mwanjelwa, Mbeya, mkiwa na bodi yenu ya Arduino, yaani kile kibao kidogo cha saketi kinachoendesha roboti, na waya wake mkobani. Sisi hatukufanya hivyo. Tulinunua mashine iliyotumika, yenye prosesa nzuri na umbo la kuvutia, na tulipofika nayo shuleni ndipo tukagundua kwamba akaunti ya msimamizi ilikuwa bado imefungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka. Kwa hiyo hatukuweza kusakinisha hata dreva ya CH340, ambayo bodi nyingi za bei nafuu huihitaji ili kompyuta izitambue. Wiki nzima roboti ilikaa mezani kama pambo.

Muuzaji atawasifia prosesa. Msikilizeni kwa heshima, kisha mwulizeni kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na diski. Kwa Arduino pekee GB 4 za RAM zinaweza kutosha, kwani programu zake ni ndogo: bodi ya Arduino Uno R3 yenyewe ina KB 32 tu za kuzihifadhia. Wanaojiandaa kwa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, kwa kutumia Android Studio, programu nzito ya kuandikia msimbo, wahesabu GB 8 kuwa mwanzo tu, na wakipata 16 wazichukue. Wanaoandaa msimbo wa mashindano hayo kwa OnBot Java, inayoandikwa ndani ya kivinjari, hawahitaji mashine kubwa hivyo. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, hata ikibidi prosesa iwe ya zamani, kwa sababu mwanafunzi anayebadilisha mstari mmoja na kusubiri, akabadilisha mwingine na kusubiri tena, humaliza saa yake ya jioni bila kujifunza kitu. Mashine mpya ya Windows iliyo katika hali ya S hukubali programu za duka la Microsoft pekee mpaka hali hiyo iondolewe.

Kinachoharibika mapema, kwa niliyoyaona, ni tundu la USB, maana waya huchomekwa na kuchomolewa mara nyingi kwa siku na roboti ikikimbia huuvuta. Chomekeni waya mfupi wa kuongezea na muuache hapo daima, ili uchakavu uupate huo wa bei ndogo. Betri nayo ijaribiwe dukani kwa nusu saa chaja ikiwa imechomolewa, kwani umeme ukikatika katikati ya mazoezi ndipo mtakapojua mlichonunua.